Mchana najizuia, usiku nashindwa: je, mimi ni mlafi?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 36, nafanya kazi ya ofisini na nina watoto wawili. Tangu mwaka uanze nimeamua kula vizuri. Asubuhi nakunywa kahawa tupu, mchana nakula saladi au matunda, na nimejiapiza nisiguse sukari, mkate wala kitu cha kukaanga. Mpaka saa kumi na mbili jioni mambo huwa shwari. Shida inaanza watoto wakishalala. Nakwenda jikoni kuchukua biskuti moja tu, najikuta nimemaliza pakiti nikiwa nimesimama hapo hapo mbele ya kabati. Baada ya hapo nakula chochote ninachokiona, maana siku imeshaharibika. Kesho yake naanza upya kwa ukali zaidi. Mume wangu anakula vipande viwili vya chokoleti, anafunga karatasi na kuirudisha. Mimi siwezi. Nimesoma kwamba utashi ni kama betri, unaisha kadiri siku inavyokwenda, na kwamba sukari inalevya kama dawa za kulevya. Kazini wananisifu kwa nidhamu. Je, mimi ni mlafi tu? Nitupe kila kitu kitamu kilichomo ndani? Au niwe nafunga kula siku mbili kwa wiki?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta jambo moja: ulikula nini kabla ya ile biskuti? Kahawa tupu. Saladi. Labda tunda. Katikati kuna kazi ya kutwa, njia ya kurudi nyumbani, kuogesha watoto, kuwalaza. Hujasema kama jioni unakaa nao mezani, nami nina wasiwasi kwamba unawapakulia tu na kuonja chumvi. Basi anayesimama mbele ya kabati saa tatu usiku ni mtu mwenye njaa, tena njaa ya tangu asubuhi.

Utaniuliza: mbona sisikii njaa, nasikia hamu ya kitu kitamu? Ni swali la haki, kwa sababu wengi tunadhani njaa ni tumbo kunguruma. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Kazi yake haiishii kukukumbusha kwamba saa ya kula imefika. Inafika hadi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na raha, na huko inakifanya chakula chenye sukari na mafuta kivutie kuliko kilivyovutia ulipokuwa umeshiba. Mwili uliopungukiwa na nguvu hauna sababu ya kudai kabichi. Unadai kitakachoziba pengo upesi, na biskuti ni unga, sukari na mafuta vilivyofungwa pamoja. Hiyo unayoiita hamu, kwa sehemu kubwa, ni njaa iliyobadilisha nguo.

Kuna jaribio la zamani ninalopenda kuwasimulia watu wanaojilaumu namna yako. Mwaka 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wote wenye afya njema ya mwili na akili. Walikuwa watu wa msimamo hasa. Dhamiri zao ziliwakataza kubeba silaha vitani, wakaomba kutumika kwa njia hii badala yake. Kwa takriban miezi sita ya mwaka 1945 walilishwa kalori zisizozidi 1,600 hivi kwa siku huku wakitembea na kufanya kazi, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mabadiliko ya miili yalitarajiwa. Ya vichwani ndiyo yaliyoshangaza. Walizungumza chakula, wakaota chakula, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi ambavyo awali wasingevigusa. Wapo walioshindwa na kula kwa kificho. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mpaka wakaugua, na wakasema tumbo limejaa lakini wao hawajatosheka. Hakuna aliyeingia pale akiwa mlafi. Na kalori 1,600 si kidogo kwa macho ya mipango mingi ya kupunguza uzito ya leo. Siku yako, mpaka saa kumi na mbili jioni, sidhani kama inafika nusu yake.

Sasa hiyo habari ya betri. Ilitokana na utafiti wa mwaka 1998 wa Roy Baumeister na wenzake. Wanafunzi wenye njaa waliingizwa kwenye chumba kinachonukia biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa. Baadhi waliruhusiwa kula biskuti, wengine wakaambiwa wale figili tu. Kisha wote wakapewa mafumbo yasiyo na jibu. Waliokula figili walikata tamaa baada ya dakika 8 hivi, wenzao wakaendelea karibu dakika 19. Likatoka hitimisho kwamba kujizuia kunatumia akiba fulani, na akiba ikiisha basi. Nadharia hiyo ilipendwa sana, nami niliifundisha kwa miaka. Lakini mwaka 2016 maabara 23 ziliijaribu kwa pamoja, kwa zoezi jingine la kompyuta na watu zaidi ya 2,000, na athari waliyoipata ilikuwa karibu na sifuri. Wataalamu bado wanabishana. Mimi nimeacha kuitumia kuwaeleza watu maisha yao, kwa sababu inawafanya waamini kwamba jioni hawana la kufanya. Kwa hali yako wala huihitaji. Mtu aliyekula kidogo, amechoka, na yuko peke yake karibu na kabati kwa mara ya kwanza siku hiyo, hana haja ya betri ili tueleze kilichotokea.

Sentensi yako iliyonigusa zaidi ni ile ya "siku imeshaharibika". Hapo kuna jambo ambalo watafiti wamelichunguza kwa muda mrefu, na Kiswahili kimelipa jina zuri kuliko walilolipa wao: potelea mbali. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwaita wanawake kuonja aiskrimu, eti wapime ladha. Kabla ya kuonja, baadhi walipewa milkisheki. Wasiokuwa na masharti ya kula, wakishakunywa milkisheki, walikula aiskrimu kidogo, jambo la kawaida kwa mtu aliyekwisha shiba kiasi. Waliozoea kujibana walifanya kinyume: waliokunywa milkisheki walikula aiskrimu nyingi kuliko waliokuja tumbo tupu. Sharti lilikuwa limevunjwa, kwa hiyo halikuwa tena na kazi. Potelea mbali, tuendelee, kesho nitaanza upya.

Fanya hesabu ya pakiti yako kwa macho hayo. Biskuti ya kwanza ililiwa na njaa. Ya pili na ya tatu pengine pia. Zilizobaki zililiwa na sheria iliyovunjika. Kama mtu angeweza kuzuia kosa la pili tu, asihangaike na la kwanza, nusu ya tatizo ingekuwa imekwisha. Ndiyo maana sikuungi mkono kwenye kile kiapo chako. Kiapo cha "sitagusa kamwe" hakina mahali pa kusimama kati ya kushinda na kuanguka.

Halafu lipo la kesho yake. Unasema unaanza tena kwa ukali zaidi, na unadhani ukali huo ni dawa. Nikueleze jaribio jingine, la watoto safari hii. Huenda umesikia lile maarufu la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo mtoto mdogo aliwekewa kitamu kimoja mezani na kuahidiwa cha pili akingoja. Watu wengi wamelichukua kama kipimo cha tabia ya mtoto. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walilirudia wakiwa wameongeza hatua moja mwanzoni: mtu mzima alimwahidi mtoto vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto alirudi navyo. Kwa wengine alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Ndipo kitamu kikawekwa mezani. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi, walioahidiwa hewa wakangoja dakika 3 tu. Walikuwa watoto 28, ni utafiti mdogo, lakini funzo lake linakaa kichwani. Hakuna atakayengoja kama hana hakika kwamba kesho kutakuwa na kitu.

Wewe ni yule mtu mzima, na ni mtoto pia. Kila usiku unajiambia kesho hakuna biskuti, hakuna mkate, hakuna lolote. Kinachosikika ndani ni kwamba leo ndiyo nafasi ya mwisho. Nani asingemaliza pakiti usiku wa mwisho? Wengi ninaokaa nao wanakiri kwamba siku wanayokula zaidi ni ile ya kuamkia siku ya kuanza masharti mapya.

Kuhusu mume wako, nadhani unamwonea na kujionea kwa wakati mmoja. Wilhelm Hofmann na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwapa watu wazima zaidi ya 200 nchini Ujerumani vifaa vilivyolia mara kadhaa kwa siku, na kila kikilia mtu aliandika kama ana tamaa ya kitu na kama anapigana nayo. Ungetegemea wenye uwezo mkubwa wa kujizuia ndio wangekuwa wanapigana zaidi. Ilikuwa kinyume: waliripoti mapambano machache. Maisha yao yalikuwa yamepangwa kiasi kwamba vita haviji mara nyingi. Mume wako anapokunja karatasi ya chokoleti inawezekana hajizuii hata kidogo. Amekula mchana, chokoleti kwake si haramu, na anajua kesho ipo. Tena watu hawazaliwi na hamu ya chakula iliyo sawa, sehemu yake tunairithi kama tunavyorithi kimo. Usilinganishe jioni zenu kabla hujalinganisha asubuhi zenu.

Ama sukari kulevya, jibu langu ni fupi kuliko ulivyotarajia. Madai hayo yametokana kwa kiasi kikubwa na panya wa maabara ya Chuo Kikuu cha Princeton. Panya walionyimwa chakula kwa muda wa saa 12 kila siku, kisha wakapewa sukari, walianza kuibugia na kuonyesha dalili zinazofanana na za uraibu. Panya waliokuwa na sukari muda wote, bila kunyimwa, hawakuonyesha hivyo. Soma tena hilo la saa 12. Sukari peke yake haikutosha, ilihitaji kufungishwa. Sisemi kwamba sukari haina madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai, na linasema ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Kikomo ni kikomo, hakuna aliyesema sifuri.

Sasa maswali yako mawili. Kufunga siku mbili kwa wiki kuna watu kunawafaa. Majaribio yaliyolinganisha njia hiyo na kupunguza chakula kidogo kidogo kila siku yameona kwamba uzito hupungua kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo si uchawi wala si upuuzi. Lakini kwa mtu ambaye tayari anajibana mchana na kufumuka usiku, nisingekupa ruhusa hiyo. Ungekuwa unaongeza kuni kwenye moto uleule. Kama unatumia dawa za kisukari ndiyo kabisa usijaribu bila daktari wako, sukari ya damu inaweza kushuka vibaya.

Kutupa kila kitu? Hapa nimegawanyika. Upande mmoja, mazingira yana nguvu kuliko tunavyopenda kukubali. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, waliwaweka watu wazima 20 ndani kwa mwezi. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, milo yote ikiwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vile vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na waliongezeka karibu kilo moja. Walikuwa watu walewale. Nidhamu yao haikubadilika, ilibadilika sahani. Na hata kwa watoto wa Mischel, waliofaulu kungoja hawakukikodolea macho kile kitamu. Walijifunika macho, waligeuka upande, waliimba. Kwa hiyo ndiyo, pakiti kubwa isikae kwenye kabati unalolifungua kila usiku. Upande mwingine, nyumba isiyo na kitu kitamu hata kimoja, kwa mtu wa viapo, ni kiapo kingine tu kilichojengwa kwa mbao. Ningefanya hivi: biskuti zibaki, chache, mahali pa juu, na ziliwe mezani kwenye sahani mkiwa wote, mchana kweupe. Zikiacha kuwa za siri zinapoteza nusu ya nguvu zao.

Lakini kabati ni la pili. La kwanza ni asubuhi, na najua hutalipenda. Kula. Kula chakula chenye protini na nyuzinyuzi, kama mayai, maziwa, maharage, karanga, nafaka isiyokobolewa, ndani ya saa mbili za kuamka, hata kama kahawa imekufanya usisikie njaa. Mchana ile saladi iwe pembeni ya chakula, isiwe ndiyo chakula. Saa kumi alasiri tia kitu kidogo tumboni kabla ya safari ya nyumbani, na jioni kaa chini ule na watoto. Utaona unakula "zaidi" kabla ya saa mbili usiku na utaogopa. Wiki ya kwanza wengi huniambia wanahisi kama wanadanganya. Vumilia, na usijipime kwenye mizani kwa muda huo, maana itakutisha bure.

Kisha ile saa watoto wanapolala. Niruhusu nibahatishe kidogo: ndiyo dakika ya kwanza tangu alfajiri ambayo haina mtu anayekuita. Biskuti imekuwa mshahara wako. Ukinyang'anya mshahara bila kulipa kingine, mfanyakazi atagoma, nawe umekuwa ukigoma kila usiku mbele ya kabati. Siwezi kukuchagulia malipo mengine. Kwa mmoja ni kuoga kwa muda mrefu, kwa mwingine ni kumpigia dada yake simu na kusengenya nusu saa. Ila uyapange mapema, kwa sentensi yenye saa na mahali ndani yake: watoto wakilala, nakwenda moja kwa moja sebuleni, jikoni siingii. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mipango ya namna hiyo, ya "likitokea hili nitafanya hili", hutimizwa zaidi kuliko nia ya jumla jumla. Ukijikuta hata hivyo umeshaingia na mkono uko kwenye pakiti, vuta kiti, weka biskuti kwenye sahani, kaa ule. Kama bado unazitaka baada ya hapo, zile. Ulichoepuka ni kula umesimama kama mwizi.

Usingizi nautaja kwa mstari mmoja tu, kwa kuwa mzazi wa watoto wawili hahitaji mahubiri: mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliona kwamba vijana 12 waliolala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku kwa siku mbili walipandisha ghrelini kwa asilimia 28, na njaa yao ikaongezeka kwa asilimia 24. Na usitegemee mazoea mapya yakae ndani ya wiki. Utafiti mmoja wa London ulikuta wastani wa siku 66 hadi tabia mpya ifanyike bila kuwazwa, lakini kwa wengine ilikuwa 18 na kwa wengine zaidi ya 250. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Yote hayo ni kama tatizo lako ni lile ninalolidhani. Yapo mengine yanayofanana nalo ambayo barua haiwezi kuyatenganisha. Ikiwa angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, unakula kwa muda mfupi chakula kingi ambacho wengi wasingeweza kukila, unahisi huwezi kusimama hata ukitaka, unakula upesi mpaka unaumia, unajificha, na baadaye unajichukia, hiyo yaweza kuwa kula kwa mfumuko. Ni ugonjwa unaotambulika na una tiba, hasa ya mazungumzo na mwanasaikolojia anayechunguza mawazo na tabia za kula. Ikiwa baada ya kula unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha au unafanya mazoezi ya kujiadhibu, usingoje miezi mitatu. Nenda wiki hii, kwa sababu kutapika mara kwa mara huvuruga madini ya damu na kunaweza kufika kwenye moyo. Ikiwa njaa imeandamana na kiu kali, kukojoa sana na kupungua uzito usikotaka, omba kipimo cha sukari. Na kama iliongezeka ulipoanza dawa mpya, mathalani za jamii ya steroidi au baadhi ya dawa za akili, mwambie aliyekuandikia kabla ya kuziacha.

Utakapokwenda, beba karatasi ya siku saba: saa uliyokula, ulichokula, ulilala saa ngapi, na ulikuwa unajisikiaje dakika tano kabla. Kalori usiandike. Soma usiku kwa kuanzia asubuhi yake. Na ukikutana na mtaalamu anayeitazama karatasi hiyo kisha akakwambia tu ujizuie, mshukuru, utoke, utafute mwingine.